Podo la mishale la bei ya chini: bomba la maji taka, ndala chakavu na mkanda wa suruali

Mpiga Shabaha Uyui (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Tangu tuanze kupiga shabaha jioni kule upande wa Ipuli, vijana hawaulizi upinde nimeutoa wapi, wanauliza podo, yaani kile chombo cha kubebea mishale. Jibu ni kwamba sijanunua. Maduka ya michezo hapa Tabora mjini yamejaa mipira na jezi, podo hulioni. Ukiagiza mtandaoni, ukijumlisha usafiri, podo linaweza kukuzidi bei ya upinde wenyewe, hasa kama upinde ni hizi zetu za kuchonga. Kwa hiyo naweka kila kitu hapa, kiwanjani tuwe tunapiga tu.

Msimamo wangu nautoa mapema, atakayepinga apinge: podo ni kitako na namna linavyoning'inia. Hayo mawili yakikaa sawa, hata ukilivika gunia linafanya kazi. Yakikosewa, ngozi ya mbuzi yenye nakshi haikusaidii kitu. Wengi wanaanza na urembo wa nje, matokeo yake mtu akitembea mishale inapiga kelele kama vijiko kwenye beseni, na akiinama kufunga kamba ya kiatu yote iko chini.

Tuanze na kipimo. Pima mshale wako kuanzia ncha mpaka lile pengo la nyuma linaloshika uzi wa upinde. Mishale ya watu wazima mara nyingi iko kati ya sentimita 70 na 80. Podo la kiunoni liwe fupi kuliko mshale kwa sentimita 20 hivi, ili manyoya yote yabaki nje ya mdomo. Manyoya yakiingia ndani yanasuguana na ukingo kila unapochomoa, na haya yetu ya kuku na kanga hayavumilii: yakishapinda, mshale unayumba hewani, halafu unaanza kuulaumu upinde. Mshale wa sentimita 75, basi, unataka podo la 54 au 55. Usilifupishe zaidi ya hapo kwa kuona unaokoa bomba. Podo fupi mno, uzito wa mishale unabaki juu ya mdomo na inataka kuruka nje kila ukikaza mwendo.

Bomba ninalotumia ni la plastiki la maji taka, lile la kipenyo cha milimita 110 ambalo mafundi wanaliita inchi nne. Usinunue bomba zima. Linauzwa kwa mita kadhaa na wewe unataka kipande kisichozidi urefu wa mkono. Nenda kwenye nyumba inayojengwa, msalimie fundi bomba vizuri, kipande hakikosekani. Kata kwa msumeno wa chuma. Ili mkato usiende upogo, zungushia bomba karatasi yenye ukingo ulionyooka, ncha zake zikutane sawasawa, kisha fuata ukingo huo kwa kalamu. Mdomo wa juu unaweza kuukata mshazari kidogo, upande wa mwili ukiwa juu na upande wa nje ukiwa chini. Mkono unaiona mishale haraka. Halafu msasa, ndani na nje, mpaka ukipitisha kidole hakikwaruzwi.

Sasa jambo ambalo wengi wanaliruka. Bomba la duara likikaa kiunoni linasukuma nyonga na kuzunguka zunguka. Linatakiwa kubanwa liwe la yai. Plastiki hii inalegea ikifika nyuzi joto 80 hivi, kwa hiyo maji yanayochemka yanatosha kabisa. Chukua sufuria kubwa ya shughuli, tumbukiza nusu ya bomba, likilegea libane kati ya mbao mbili, zifunge kwa kamba, mwagia maji ya baridi. Kisha nusu ya pili. Acha upana wa ndani usipungue sentimita saba. Vaa glavu nene au shika kwa tambara. Nimeona watu wanaligeuza juu ya jiko la mkaa. Linawezekana, lakini likiungua linatoa moshi wenye asidi ya haidrokloriki, unaingia kifuani na kuwasha macho. Sitamshauri mtu kufanya hivyo, tena ndani ya nyumba ndiyo kabisa.

Kitako. Nenda kwa seremala, omba kipande cha ubao kilichobaki, unene wa sentimita mbili. Simamisha podo juu yake, chora umbo la ndani, kata, ingiza, kaza kwa skrubu fupi nne kutoka nje. Usitegemee gundi peke yake. Kila mshale unaourudisha unapiga kitako kwa ncha ya chuma, na gundi itaachia siku moja ukiwa njiani. Juu ya ubao weka tabaka mbili za soli ya ndala. Siyo sponji ya godoro. Sponji inatobolewa, inakunywa maji na inaoza. Ndala inashika ncha bila kuimeza, na ile kelele ya kugongana inapungua sana, kwa sababu mishale haitelezi chini. Mwisho pasha msumari moto, toboa tundu dogo mpaka chini kabisa ili maji ya mvua yatoke.

Kuning'iniza. Podo lililofungwa sehemu moja tu, pale mdomoni, ni pendulo. Linakupiga goti kila hatua. Funga sehemu mbili: moja karibu na mdomo, nyingine theluthi moja kushuka chini, zote upande wa mwili. Mimi nakata mkanda wa zamani wa suruali vipande viwili, kila kimoja nakikunja kiwe kitanzi na kukibana kwa riveti za fundi mabegi. Ukifanya kitanzi kimoja kirefu kuliko kingine, podo linalala mshazari. Kwenye uwanja wazi lilaze ili manyoya yaelekee mbele, mkono unashuka tu na kuchukua. Ukitembea vichakani lilaze manyoya yaelekee nyuma, vijiti visiyanase.

Nguo ya nje ni juu yako. Langu nimelivika turubai la lori lililochakaa.

---

Kijana wa Cheyo

Mkuu shukrani. Swali dogo. Kwa nini kiunoni? Sisi tumezoea kuona mgongoni kwenye filamu, mtu anatupa mkono begani anatoka na mshale. Ile inapendeza bwana.

---

Mpiga Shabaha Uyui

Inapendeza, sikatai. Ila fikiria mwendo wa mkono. La mgongoni unachomoa mshale mrefu kwenda juu mpaka ncha ipite bega. Mwenye mikono mifupi anakwama katikati. Huoni unachukua upi. Kurudisha ndiyo taabu zaidi, unatafuta mdomo wa podo nyuma ya shingo na ncha ya chuma mkononi. Halafu ukiinama kupita chini ya tawi la mwembe, na Tabora hii miembe haikwepeki, mishale inakutangulia kufika ardhini.

Mapodo ya mgongoni yanayofanya kazi ni ya ngozi laini. Yanajibana yenyewe mgongoni na kuishika mishale isicheze. Bomba gumu haliwezi kufanya hivyo. Kwa hiyo ukitaka la mgongoni, achana na bomba.

---

Mama Cherehani Isevya

Wanangu, mnachosha watu kwa misumeno. Mimi mwanangu wa kiume alikuja na habari hizo hizo za bomba nikamwambia niletee suruali ya jinsi uliyoitupa. Mguu mmoja wa suruali ni podo tayari. Umeshashonwa pande zote mbili, mshono wake ni mara mbili, unaanzia mpana juu na kuwa mwembamba chini. Unataka nini tena?

Kata chini ya goti kidogo kwenda juu kulingana na urefu wenu huo mnaousema. Geuza nje ndani. Chini kata duara la ngozi ya kiatu au mpira wa tairi, shona kwa uzi wa nailoni na shazia, pitisha mara mbili. Mdomoni kunja upindo mpana, ndani ya upindo pitisha waya mnene wa kufungia nondo uliouzungusha, ili mdomo ubaki wazi. Basi. Mfuko wa nyuma wa suruali uushone kwa nje, atawekea chaki ya kuandikia alama na kitambaa cha kufutia mishale.

Na ule mkanda wa kiunoni wa suruali yenyewe usiutupe. Una vishikio vyake, ndio mnaoning'inizia.

---

Mpiga Shabaha Uyui

Shikamoo mama. Hili la waya mdomoni ni zuri, nalikubali. Swali langu liko kwenye kiwiliwili. Nguo ikiwa tupu inajikunja katikati, mishale ikibaki miwili inalala upande na ncha zinatoboa jinsi. Umelitatuaje?

---

Mama Cherehani Isevya

Marahaba. Kwenye ule mshono wa ubavuni weka mfereji mwembamba, kama ule wa kupitishia kamba ya kaptura, kisha chomeka ufito ulionyooka kutoka juu mpaka chini. Ufito mmoja tu. Podo linasimama wima hata likiwa tupu.

---

Mpiga Shabaha Uyui

Mama, umegusa jambo la kale kuliko unavyofikiri. Mwaka 1991 watembeaji wa milimani waliikuta maiti ya mwanaume iliyohifadhiwa na barafu katika milima ya Alps, mpakani mwa Italia na Austria. Alikuwa ameishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, wanamwita Ötzi. Alikuwa na podo la ngozi, na ubavuni mwa podo hilo kulikuwa na ufito wa mti wa kulikaza lisijikunje. Ndani mlikuwa na mishale 14, miwili tu ndiyo iliyokuwa imekamilika, mingine bado mawano, yaani vijiti vitupu vya mishale, yanayosubiri ncha na manyoya. Kwa hiyo podo lilibeba hata kazi ambayo haijaisha.

Kwa la kitambaa, basi, ufito ni lazima. Na mpira wa tairi chini ni bora kuliko ngozi ya kiatu, ngozi ikilowa inalainika na ncha zinapita. Ndani yake weka ndala vilevile.

---

Mrina Asali Sikonge

Nimesoma mpaka hapa nikawa nacheka. Mpo Unyamwezini, mmezungukwa na miombo, mnabishana bomba na suruali! Wazee wetu walitengeneza vilindo vya gome vya kuhifadhia nafaka na asali, mizinga ya nyuki ya gome ipo mpaka leo. Podo la gome ni kilindo chembamba tu. Unabandua gome wakati wa mvua, utomvu ukiwa unapanda, linaachia lenyewe. Unalikunja likiwa bichi, unashona ukingo kwa kamba za gome hilohilo, unaweka kitako cha mti, unakausha kivulini. Jepesi, halina kelele, na haling'ai juani.

---

Mpiga Shabaha Uyui

Mzee wangu, kwa uzuri sikupingi. Nimelishika podo la namna hiyo, bomba halioni ndani. Ila nawaonea huruma vijana ishirini wa kiwanjani wakisoma hapa kisha kila mmoja aingie porini na panga. Ukimenya gome kuzunguka shina lote, mti unakufa, kwa sababu chakula kinachotengenezwa na majani hupita kwenye gome kwenda mizizini. Mti wa miaka mingi kwa ajili ya podo moja?

---

Mrina Asali Sikonge

Hapo umesema kweli, na sisi warina ndio tulioanza kuliona hilo. Siku hizi mizinga ya mbao inashika nafasi ya ile ya gome kwa sababu hiyohiyo, myombo ukifa na maua ya nyuki yamekwenda. Lakini kuna njia. Mti ulioangushwa na upepo wakati wa mvua, gome lake bado bichi, siku chache za mwanzo linabanduka vizuri. Au tawi nene linalokatwa kwa sababu nyingine, mathalani mtu anasafisha shamba kwa kibali. Podo halihitaji gome la shina, tawi la unene wa paja linatosha. Atakayekwenda kumenya mti uliosimama asiseme nimemtuma mimi.

Na kosa la wanaoanza ni kulikausha juani. Linapasuka kwa urefu. Kivulini, na ndani umejaza mchanga mkavu lisijikunje.

---

Mpiga Shabaha Uyui

Mchanga ndani wakati wa kukauka, hiyo naichukua. Gome la mti ulioanguka, nakubali pia. Basi tumekutana njiani.

---

Mwisho wa Reli

Nawasalimu kutoka Ujiji, Kigoma. Huku michikichi ni mingi, madumu ya mawese tele. Nimechukua dumu la lita 20 lililotoboka, nikakata kuta zake nikapata karatasi pana ya plastiki, nikaikunja kuwa bomba. Nyepesi kuliko bomba la maji taka, inajipinda kufuata kiuno bila kuchemsha chochote. Tatizo, gundi ya viatu haishiki. Nimepaka tabaka mbili, kesho yake imebanduka yote kama ganda la ndizi. Mnatumia gundi gani?

---

Mpiga Shabaha Uyui

Hamna gundi, kaka. Plastiki ya madumu ni polithilini, uso wake haukubali gundi za kawaida, na rangi nayo itakubanduka hivyohivyo. Bomba la maji taka ni plastiki ya aina nyingine, lile gundi inashika. Kwa dumu, shona. Panda ukingo juu ya ukingo upana wa vidole viwili, toboa matundu kwa msumari wa moto kila baada ya sentimita tatu, pitisha uzi wa nailoni au waya mwembamba. Kitako nacho kishike kwa skrubu zenye washa pana, zisiraruke. Na dumu hilo lioshe kwa maji ya moto na sabuni mpaka mafuta yaishe. Mawese yakigusa manyoya yanashikana, mshale hauruki sawa.

Kwa wanaoona bomba zito, wazo la dumu ni zuri. Naliongeza kwenye ushauri wangu. Kuna pia lile bomba la karatasi ngumu linalobaki katikati ya mazulia ya plastiki yakiisha dukani. Bure kabisa, umbo zuri, halina kelele. Lakini hapa kwetu lina maadui wawili, mvua za kuanzia Novemba na mchwa. Ukiliegemeza ukutani wiki mbili bila kuligusa, chini utakuta udongo. Lipake rangi ya mafuta ndani na nje, na litundike, usiliweke sakafuni.

---

Ng'wana Igunga

Binafsi sijui kwa nini mnahangaika. Babu yangu alikuwa sungusungu, wale walinzi wa jadi wa vijijini, ile miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulipokithiri. Alikuwa anashika mishale mitatu minne mkono uleule ulioshika upinde, anakimbia nayo usiku. Podo la nini?

---

Mpiga Shabaha Uyui

Babu yako alikuwa kazini na alijua anachofanya, heshima yake. Sisi tunapiga mishale sita, tunatembea mpaka shabaha, tunachomoa, tunarudi, tunapiga sita tena. Jioni moja ni kwenda na kurudi mara nyingi. Kijana wa miaka 14 akitembea na ncha sita wazi mkononi huku anapiga soga na mwenzake, mimi siwezi kutulia. Podo kwetu ni usalama kwanza. Ncha zote ziko ndani, zinatazama chini, mikono mitupu.

Na kwa sababu hiyo podo letu ni la ncha butu za shabaha tu. Vigumba, yaani ncha zenye makali, vinataka podo la aina nyingine kabisa, lenye kuzifunika ncha moja moja, na siandiki habari zake hapa.

---

Mstaafu wa Maliasili

Nimefuatilia kimyakimya. Naongeza moja kwa vijana. Upinde na mishale kiwanjani ni mchezo. Ukivuka navyo kuingia hifadhini bila kibali, hiyo ni kesi, na kusema nilikuwa najaribu podo hakutakusaidia mahakamani. Ipo Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, uwindaji bila leseni ni kosa hata kama ni digidigi mmoja. Na mkumbuke Mto Ugalla tangu 2019 ni hifadhi ya taifa, sio pori la akiba mlilolizoea. Wapo wanaozungumza bado kana kwamba mambo ni yaleyale.

Mkisafiri na pinde, ziwe zimelegezwa uzi, mishale imefungwa kwenye mfuko, na mtu mmoja awe na maelezo ya mnakokwenda.

---

Mpiga Shabaha Uyui

Mzee, asante. Sisi hatuwindi na hatutawinda, shabaha yetu ni gunia lililojazwa matambara na karatasi ya duara mbele. Kwenye bodaboda huwa navika mdomo wa podo soksi nene iliyofungwa kwa mpira, mishale haitoki hata barabara ikiwa ya makorongo. Nafikiri naweza kuongeza hiyo kama kifuniko rasmi.

---

Mwalimu wa Michezo Kitete

Habari zenu. Nina wanafunzi, darasa la tano na la sita, tunataka kuanzisha mchezo huu kwa mita 10 tu. Nimesoma yote. Kumtengenezea kila mtoto podo la kiunoni ni kazi, na viuno vyenyewe vidogo, bomba lenu hilo litawafika magotini. Mna njia nyepesi?

---

Mpiga Shabaha Uyui

Mwalimu, kwa watoto usitengeneze podo la kiunoni kabisa. Wanapiga wakiwa wamesimama mstari mmoja, hawatembei na mishale mpaka uruhusu. Wanachohitaji ni podo la kuchomeka ardhini.

Chukua nondo nyembamba ya milimita 8, ikate sentimita 90. Juu mpe fundi wa kuchomelea akuunganishie pete ya waya mnene inayomeza ngumi ya mtu mzima. Sentimita 25 za chini zinaingia ardhini. Kiangazi ardhi ya Tabora ni ngumu kama unavyoijua, kwa hiyo chini apachonge ncha, na pale juu kidogo ya mstari wa ardhi achomelee kipande kifupi cha kukanyagia kwa kiatu. Mishale inapita ndani ya pete na ncha zake zinasimama juu ya udongo. Weka kipande cha ndala chini ili ncha zisijae mchanga. Podo moja linatosha watoto wawili wanaopokezana, kwa hiyo mstari wa watoto kumi unataka matano tu.

Jambo moja usilisahau: funga kitambaa chekundu au paka rangi kali kwenye pete. Nondo ya kahawia iliyosimama kwenye majani makavu haionekani, na mtoto akikimbia kufuata mishale atajikwaa nayo. Na ncha ya juu ya nondo isibaki wazi hata kidogo, lazima iishie ndani ya pete iliyofungwa.

---

Mwalimu wa Michezo Kitete

Nimeelewa. Fundi wa kuchomelea yupo jirani na shule. Nondo tunazo zilizobaki kwenye ujenzi wa choo. Na mishale ya watoto, kwa kuwa ni mifupi, pete ikae juu kiasi gani?

---

Mpiga Shabaha Uyui

Sheria ni ileile, manyoya yakae juu ya pete. Mishale yao ikiwa ya sentimita 60, pete isizidi sentimita 40 kutoka ardhini. Kwa hiyo nondo ya 90 ni ndefu mno kwao, kata 65. Tengeneza moja kwanza, jaribu na mtoto mfupi kuliko wote darasani, asiwe anainama sana kuchukua, ndipo fundi aendelee na nne zilizobaki.

---

Kijana wa Cheyo

Mkuu bomba nimelipata kwa fundi, kaniambia nimletee soda. Naomba kujua jambo la mwisho, tabaka za ndala zinabandikwa au zinakaa tu?

---

Mpiga Shabaha Uyui

Zikae tu, zikazwe kwa ukubwa wake. Kata milimita chache kuzidi umbo la podo, zisukume kwa mpini wa ufagio mpaka chini. Zikichakaa unazivuta kwa waya uliopinda, unaweka nyingine. Ukibandika utajuta siku ya kubadilisha. Na lile tundu la maji lipitishe kwenye ndala zote mbili, sio kwenye ubao peke yake.